Mama Yake Alimlisha Nini

Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Mate na machozi yake yalikuwa yamelowesha shati langu, na mimi ndiye niliyembeba tangu getini. Hata hivyo muuguzi aliyekaa nyuma ya meza alinitazama juu ya miwani yake, akafungua daftari jipya la matibabu, akauliza, "Mama yake alimlisha nini?"

Swali hilo nimeulizwa na watu wengi tangu siku ile. Ameniuliza muuza dawa. Ameniuliza jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Ameniuliza fundi mwenzangu mmoja wa Kizota ambaye mwenyewe kinywani amebakiwa na meno ya kuhesabika, na mwisho akaniuliza mama yangu mzazi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza baba yake alimlisha nini. Naandika sasa kwa kuwa mtoto amepona, anakula na analala, nami nimepata nafasi ya kukasirika kwa utulivu. Kama una mtoto ambaye meno yake yanabadilika rangi, na umekaa kwenye benchi unaambiwa ungoje, soma hadi mwisho. Huenda nikakuondolea aibu ambayo si yako, au nikakupa iliyo yako.

Naitwa Iddi. Kwetu ni Kondoa, lakini tunaishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na karakana yangu ya useremala iko Kizota. Mke wangu, Salma, ni mhudumu katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba. Basi la watumishi linampitia asubuhi na mapema na kumrudisha magharibi, na Bunge likikaa hurudi amechoka hata kuvua viatu ni kazi. Binti yetu ni Mwajuma, tunamwita Mwaju. Tangu alipofikisha miezi kumi, Mwaju alikuwa akishinda na mimi karakana. Nilimtengenezea kiti chake kidogo cha mninga, chenye ukuta mbele asianguke, nikakiweka mbali na randa na misumeno. Wateja walikuwa wakicheka kuona seremala anapiga misumari huku anaimba nyimbo za watoto. Nilijivunia sana jambo hilo, na sioni haya kulisema.

Salma alikuwa akiacha uji kwenye chupa. Mimi niliumimina, nikaonja kijiko kama ni wa moto, nikampa kwa kijiko hicho hicho. Karanga nilimtafunia. Muwa niliumenya kwa meno, nikautafuna mpaka ulainike, nikamtilia mdomoni. Kubwa zaidi ilikuwa ubuyu. Mwaju aliupenda ubuyu ule mwekundu wa vifuko, lakini una pilipili, na pilipili ilimliza. Kwa hiyo nilikuwa nautia mdomoni mwangu kwanza, naumumunya mpaka ukali uishe, kisha natoa punje na kumpa ikiwa na utamu mtupu. Alikuwa ananyoosha kidole kuelekea mdomo wangu, anangoja. Tulifanya hivyo kila siku, mara nyingi kwa siku, na kila nilipoona anavyofurahi niliona mimi ni baba wa aina yake.

Nami wakati huo nilikuwa na jino la nyuma lililotoboka miaka mingi. Likiniuma natia karafuu, naendelea na kazi. Jingine lilikuwa limebaki kisiki. Sikuwahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno maishani mwangu. Nani anakwenda hospitali kwa ajili ya jino?

Dalili ya kwanza ilionekana wakati wa kipupwe, ule upepo wa baridi wa Dodoma unapopasua midomo. Mwaju alikuwa amepita miaka miwili. Salma, akimwosha uso, aliona mstari mweupe kama chaki kwenye meno ya juu, pale yanapoanzia kwenye ufizi. Mwezi uliofuata mstari ukawa wa kahawia. Akampeleka zahanati ya jirani siku yake ya mapumziko. Wakamwambia, "Hayo ni meno ya utoto, mama. Yatang'oka yenyewe." Wakampa dawa ya kutuliza maumivu.

Neno hilo lilinikaa kichwani kwa sababu ndilo nililotaka kusikia. Leo nikilikumbuka damu inanichemka. Meno ya utoto yatang'oka, sawa. Lakini mtoto wa miaka miwili anayangoja mpaka afike miaka sita au saba, na hapo katikati anatakiwa kula kila siku. Hakuna anayemwambia mtu mwenye kidonda mguuni angoje miaka minne.

Kufika kiangazi, vumbi la Kizota likiwa limesimama hewani mchana kutwa, meno manne ya mbele yalikuwa yamekuwa visiki vyeusi. Mwaju aliacha karanga, akaacha nyama, akaacha hata chapati aliyokuwa akiipigania. Ugali aliuchovya kwenye mlenda na kuumeza bila kutafuna. Mashavu yalipungua, na kamba ya gauni ambayo Salma alikuwa akiifunga kwa fundo moja sasa aliizungusha mara mbili. Alijifunza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyemfundisha. Mtoto wa jirani alimwambia ana mdomo wa bibi, basi, kiganja kikapanda mdomoni na kikabaki huko.

Siku moja aliamka shavu la kulia limevimba mpaka jicho limekuwa mstari. Salma alikuwa ameshaondoka na basi. Nikafunga karakana, nikambeba hadi hospitali kubwa, na huko ndiko nilikokutana na yule muuguzi na swali lake.

Nilimjibu kwamba mama yake yuko kazini.

"Ndiyo hayo," akasema. "Kazi. Halafu mtoto anapewa pipi anyamaze." Akachukua kalamu nyekundu na kuandika kwenye daftari, kwenye ukurasa wa kwanza kabisa chini ya jina la mtoto: *Mama apewe elimu ya lishe na usafi wa kinywa.* Akaipigia mstari.

Nilikasirika. Nilijiambia kuwa mtoto anaumwa, si wakati wa kugombana na watu wenye dawa.

Tulikaa kwenye benchi lile tangu asubuhi hadi jua likahama dirisha. Sikujua kama kuna watoto wengi hivyo wanaoumwa meno. Kulikuwa na mama mmoja mnene kutoka upande wa Chamwino aliyekuja na mapacha, wote wawili na meno yaleyale ya visiki. Alikuwa na pipi moja ya kijiti. Pacha huyu aliramba, akampa mwenzake, mwenzake akaramba, kisha akamletea Mwaju kwa huruma, na Mwaju akaramba pia kwa upande usiovimba. Sote tuliokuwa pale tuliguswa. Tulisema watoto hawa wana upendo. Hata muuguzi mmoja aliyekuwa akipita alitabasamu. Ukutani, juu ya vichwa vyetu, hakukuwa na karatasi hata moja ya kutuambia tunachokitazama ni nini.

Siku hiyo walitoa usaha, wakatupa dawa ya kunywa ya siku saba na tarehe ya kurudi. Walituambia mama aje mwenyewe.

Salma aliomba ruhusa kazini, akaja. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Muuguzi yule yule alimsomesha mbele ya benchi zima, kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa, kuhusu kunyonyesha, sukari na mswaki. Salma alijibu, "Ndiyo, dada. Sawa, dada." Yeye ndiye aliyemnunulia Mwaju mswaki. Yeye ndiye aliyekuwa akimpigisha akirudi kutoka kazini, huku mtoto analia na mimi nasema mwache, amechoka. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, kiti kwa kiti. Niliangalia sakafu.

Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa kumi na mbili, nilimpeleka Mwaju tena. Safari hii tulimpata daktari mwenyewe, dada kijana mwenye sauti ya chini, amezungukwa na wanafunzi watatu wa chuo. Alimwangalia Mwaju kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

"Nani anashinda naye?"

"Mimi."

"Uji anaonja nani?"

"Mimi, daktari. Usije ukamuunguza."

"Fungua mdomo, baba."

Nilimwambia mgonjwa ni mtoto. Akasema anajua, nifungue tu. Nikafungua, na wale wanafunzi wakainama wote watatu kama mafundi wanaotazama injini. Mmoja akasema, "Sori, baba, sogea kwenye mwanga." Daktari alihesabu matundu yangu kwa sauti, nao wakaandika.

Aliponieleza hakutumia maneno mengi. Alisema mtoto hazaliwi na vijidudu vinavyotoboa meno. Anavipata kutoka kwenye mate ya mtu, mara nyingi yule anayemlisha, au kutoka kwa watoto wenzake. Vikiingia mapema, na kukuta sukari kila saa, vinafanya kazi haraka kuliko mchwa. "Kuna kitu unamtafunia pia?"

Nikamwambia habari za ubuyu.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema tu, "Ulikuwa unampa vijidudu na chakula chao kwa pamoja." Akanipa tarehe ya mtoto kung'olewa meno akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na karatasi nyingine yenye jina langu, ya mimi kurudi kutibiwa. Tukatoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na nilisimama barazani nimembeba mwanangu nikisubiri ipungue, naye akanyoosha kidole kuelekea mdomo wangu kama alivyozoea. Hapo nilijisikia vibaya kuliko siku zote za maisha yangu.

Ungedhani nilifika nyumbani nikamweleza Salma. Sikumweleza. Nilimwambia daktari amesema ni vijidudu. Nilimwambia tutenganishe vijiko, bila kumwambia ni kijiko cha nani. Karatasi yangu niliificha karakana, kwenye droo ya misumari. Nilijidanganya kwamba ana mimba, asisumbuliwe. Ukweli ni kwamba nilikuwa baba wa aina yake, nami sikutaka kuvuliwa kilemba hicho.

Mwezi wa kwanza alizaliwa Idrisa. Mama yangu alikuja kutoka Kondoa kumsaidia mzazi. Mama ni mtu mwema, anaamka kabla ya adhana, anafagia uwanja mzima kabla watu hawajatoka nje. Lakini ulimi wake hauna breki. Alimtazama Mwaju mdomoni siku aliyofika, akaweka mkono kichwani.

"Mama yake alimlisha nini?" akaniuliza, Salma akiwa chumba cha pili, mlango wazi.

"Mama, shikamoo kwanza," nikasema, kwa kukwepa.

"Marahaba. Nakuuliza, mwanangu. Sisi tumelea watoto saba kwa maziwa na uwele. Hawa wa ofisini wanalea kwa vifuko."

Siku ya kung'oa meno tulimpeleka Mwaju mimi na mama yangu. Walimtoa manne ya mbele na gego moja, na mengine yaliyoanza kutoboka wakayapaka dawa inayozuia kuoza lakini inayaacha meusi kama mkaa. Alipozinduka alitia ulimi kwenye pengo, akashangaa, akatia tena. Neno la kwanza alilosema lilikuwa "njaa". Sijui kama mtu ambaye hajakaa miezi minane akimbembeleza mtoto ale anaweza kuelewa jinsi neno hilo lilivyonitoa machozi. Muuguzi mmoja mzee wa wodini, ambaye sitamsahau, alimletea uji wake mwenyewe kutoka nyumbani, kwenye kikombe safi na kijiko safi, akampa anywe mwenyewe.

Mtoto alianza kupona wiki ile ile. Aliyekuwa anaugua sasa ni Salma. Mama alikuwa akiwasimulia wageni wote waliokuja kumwona mtoto mchanga kwamba huyu mkubwa aliharibika meno kwa sababu mama yake hakuwa na muda naye. Wageni walitikisa vichwa. Salma aliacha kula nasi, akasema atakula baadaye. Nilimkuta mara mbili ameshika lile daftari la matibabu, amelifungua ukurasa wa kwanza, anausoma ule mstari mwekundu kama anayetafuta neno alilolikosa. Nikapita, nikaenda karakana.

Mwezi wa tatu, zabibu zikiuzwa kila kona ya mji, likizo yake ya uzazi ilikuwa inakaribia kwisha. Adhuhuri moja mama alikuwa msikitini. Salma aliniita mezani, akanipa karatasi iliyokunjwa.

"Isome. Kama kuna makosa unirekebishie."

Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Miaka tisa ya kazi, na barua yenyewe haikufika nusu ya ukurasa. Sababu aliyoandika ni kwamba anahitaji kuwalea watoto wake mwenyewe ili wasipate madhara zaidi.

"Huyu mdogo sitaki nimfanye nilivyomfanya dada yake," akasema.

Nilikaa na barua ile mkononi. Idrisa alikuwa amelala mgongoni kwake. Nilisema, "Salma, si wewe. Ni mimi." Nikamweleza yote: kijiko, karanga, muwa, ubuyu, mdomo wangu ulivyohesabiwa na wanafunzi watatu, na karatasi iliyoko kwenye droo ya misumari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza."

Alihesabu kwa vidole, taratibu, mbele yangu. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Kwa hiyo mama yako akinisema mbele ya wageni ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikikaa na daftari lile ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

Nilitaka anipigie kelele. Alichukua barua yake mkononi mwangu, akaikunja kama ilivyokuwa. "Kwamba ulimlisha, hilo hukulijua, na hata mimi nilikuwa naonja uji wake," akasema. "Lakini hilo la kunyamaza ulilijua. Nenda kawaambie. Pale pale waliponisema. Mpaka hapo barua hii naiweka kwenye mkoba, sijui kama nitaipeleka au la."

Nilianza na mama. Nilimwambia jioni ile ile, Salma akiwepo, na jirani yetu akiwepo pia kwa kuwa naye alikuwa amesikia upande mmoja.  Mama akasema, "Lakini mimi nami nilikutafunia wewe. Wote nimewatafunia." Alifungua mdomo wake kidogo, akaugusa kwa kidole, akaufunga. Nilimwonea huruma, hakuna aliyewahi kumwambia. Lakini sikumruhusu ageuze habari. Nilisema, "Mama, Salma umemwonea. Na mimi nilikuacha umwonee." Aliinuka akaenda kumchukua Idrisa. Kesho yake asubuhi alimpelekea Salma chai kitandani, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Neno la samahani halikutoka, na Salma hakujifanya amelisikia.

Kisha nikaenda hospitali na ile karatasi yangu kutoka kwenye droo. Waling'oa jino langu la nyuma na kile kisiki. Nikiwa na pamba mdomoni nilirudi kwenye meza ya yule muuguzi mwenye miwani, nikaweka daftari la Mwaju mbele yake. Benchi lilikuwa limejaa. Nilimwambia, kwa maneno yaliyotoka nusu nusu kwa sababu ya ganzi, kwamba aliyemlisha mtoto huyu ni mimi, na ninaomba mstari ule ufutwe.

"Daftari halifutwi, baba," akasema. "Ni kumbukumbu."

"Basi ni kumbukumbu ya uongo."

Aliniambia nisimharibie kazi. Nikakaa kwenye benchi. Nilimwambia nitakaa hapo mpaka daktari apite. Akina mama waliokuwa jirani waliniuliza kuna nini, nikawaeleza, pamba ikiwa inalowa damu, na mmoja wao taratibu akatoa kijiko mdomoni mwake na kukipangusa kwa kanga kabla ya kumpa mwanawe. Nikamwambia, "Kupangusa hakutoshi, mama. Chukua kingine." Akanitazama kwa jicho baya. Akachukua kingine.

Daktari alipita saa tisa. Alisoma ukurasa, akanitazama, akatoa kalamu mfukoni. Alikata neno *Mama* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *Baba*, akatia sahihi yake pembeni na tarehe.

Sasa kipupwe kimerudi. Mwaju ana kijiko chake chenye tundu nililolitoboa kwenye mpini ili mtu asikichanganye na cha mwingine, na mswaki anapigishwa na mimi, asubuhi na jioni, dawa kiasi cha punje ya mchele. Meno ya mbele yatachelewa, kwa hiyo jina lake anatamka kwa upepo mwingi, na anacheka mdomo wazi. Idrisa ameota mawili ya chini, meupe, na hakuna aliyewahi kumtafunia chochote. Salma amerudi kazini. Barua bado iko kwenye mkoba. Sijawahi kumwuliza.

Siku ile niliporudi na daftari nilimkuta amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Nilimpa. Alilifungua ukurasa wa kwanza, akausoma, akapitisha kidole juu ya lile neno jipya.

"La kwako wameandika kwa bluu," akasema. "Na hawajalipigia mstari."